Presha ya Mama na Habari ya Igawa

Siku ya kwanza kazini sikupewa sindano wala dawa. Nilipewa viti viwili. Aliyenipa ni Matroni wa hospitali ya mkoa pale Iringa, mama wa Kibena mwenye mwili mkubwa, aliyetembea polepole lakini akafika kila mahali kabla yetu. Aliviweka viti hivyo kando ya mlango wa wagonjwa wa nje, akanionyesha kimoja.

"Kaa hapo, kijana. Hicho kingine ni cha mgonjwa. Mzee akiingia, msalimie mpaka salamu iishe. Ikiisha, ndipo umpime."

Nilikuwa nimetoka chuoni, koti langu jeupe limepigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Nilidhani ananitania.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi aliyepanda kilima kwa miguu kutoka Ipogolo. Alinitazama, akawageukia wenzake kwenye benchi. "Jamani, kumbe siku hizi sista anaota ndevu?" Benchi zima likacheka. Wauguzi wanaume tulikuwa wachache wakati ule. Kwa aibu nikaruka salamu, nikamfunga kitambaa mkononi haraka haraka.

Mashine za siku zile zilikuwa sanduku la chuma lenye bomba la kioo, na ndani ya bomba kulikuwa na zebaki. Ulifunga kitambaa chenye mfuko wa hewa juu ya kiwiko cha mgonjwa, ukabonyeza kipira mpaka zebaki ipande, kisha ukaiachia hewa taratibu huku unasikiliza mapigo kwenye mkunjo wa mkono. Pigo la kwanza unalolisikia linakupa namba ya juu, na pale sauti inapopotea ndipo penye namba ya chini. Zebaki ya bibi yule ilisimama mahali palipokaribia kunifanya nidondoshe sanduku. Nikakimbia kumwita Matroni.

Matroni alikuja, akakaa kwenye kiti changu, akamshika bibi mkono. "Kamwene." Bibi akaitikia, "Kamwene." Salamu ya Kihehe haiishii hapo. Wakaulizana habari za nyumbani, za mahindi, za ndama aliyezaliwa, za mjukuu aliyeanza shule, na kila jibu lilizaa swali lingine. Mimi nilisimama kando nikiona muda unapotea. Salamu ilipokwisha, Matroni akampima upya. Zebaki ilisimama chini kabisa ya pale nilipoiona mimi.

"Wewe ulipima kilima cha Ipogolo na ndevu zako," aliniambia. "Bibi mwenyewe ulikuwa bado hujampima."

Ninyi mnaoanza kazi leo mna mashine za betri zinazotoa namba zenyewe. Ni nzuri, na nyumbani ninayo moja. Lakini mashine hiyo haijui kama mzee amekaa au amefika tu, kama kibofu kimejaa, kama ameangalia koti lako akakumbuka hospitali aliyofia mumewe. Ni lazima mpimaji ayajue hayo. Mimi niliyajua kidogo kidogo, kituo baada ya kituo.

Baada ya Iringa nilipelekwa kituo cha afya cha Idodi, kwenye njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Kwangu ilikuwa kama kurudishwa nyumbani, kwa sababu wazazi wangu walikuwa na makazi kijiji cha jirani. Mkuu wa kituo alikuwa Tabibu Mfawidhi, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa maneno machache. Tabibu ni yule anayepima na kuandika dawa pale ambapo hakuna daktari, na mfawidhi ni mwenye dhamana ya kituo.

Alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akija kila mwezi, na kila mwezi presha yake ilikuwa juu kuliko mwezi uliopita. Nilimwambia Tabibu kwamba nafikiri tumwongezee dawa.

"Dawa anameza?"

"Anameza. Mwanawe anamsimamia."

"Chumvi?"

"Wameacha nyumba nzima. Wanawe wanalalamika mboga haina ladha."

Tabibu akafikiri. "Nenda kwake. Usipime kitu. Kaa tu, uangalie."

Nilikwenda, nikakaa. Nilichokiona ni redio ya mzee ikiwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haisemi. Nikauliza. Mzee akasema imekufa. Mwanawe akanivuta nje, akanieleza kwa fahari kwamba redio ni nzima, wao ndio waliotoa betri. Siku zile redio ilisoma matangazo ya vifo, na mzee alikuwa haachi kuyasikiliza. Daktari wa mjini aliwaambia baba yao asishtuliwe, nao wakaona dawa ya mshtuko ni kumzibia masikio.

Nilirudi kituoni nikaripoti. Tabibu hakucheka. Alimwita yule mwana.

"Baba yako ana marafiki?"

"Anao."

"Wanakufa?"

"Wanakufa, wazee wenzake."

"Sasa usipompa habari za waliokufa, atajuaje nani yu hai? Mrudishieni betri zake."

Walimrudishia. Sitadai kwamba presha ya mzee ilipona, maana presha haiponi, inatunzwa. Lakini iliacha kupanda, na Tabibu hakuongeza dawa.

Kutoka Idodi nilihamishiwa Mbarali, kwenye zahanati ya Chimala, mji wa mchele na malori. Miaka yangu pale niliifaidi kwa sababu nyingine: Igawa haikuwa mbali, na Igawa aliishi mama yangu mdogo, Skola, mdogo wake mama wa tumbo moja. Aliolewa na Msangu, akabaki huko akiuza mchele kando ya barabara kuu. Jumapili nilikwenda kula kwake. Kila nikiinuka kuondoka alinifungia kitu cha kumpelekea dada yake, na kila nilipokwenda likizo nyumbani, mama alinifungia kitu cha kumrudishia. Nilikuwa posta yao. Simu za mkononi zilipokuja nikastaafu kazi ile, wao wakawa wanaongea wenyewe kila Jumapili baada ya ibada, mama akiishika simu mbali na sikio na kupiga kelele kana kwamba Igawa iko ng'ambo ya bonde.

Chimala nilijifunza jambo moja kwa mama mmoja mzee wa Kihindi, wa duka la vitambaa. Aliletwa na mwanawe, mkwewe na mjukuu. Nikamuuliza analalaje. Mwanawe akajibu. Nikamuuliza anakula nini. Mkwewe akajibu. Nilipouliza kama kichwa kinamuuma, wakajibu wote watatu, na majibu hayakufanana. Mganga Mfawidhi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akatoka akawaomba wote wakanunue maji. Walipotoka, yule mama akasema kwa Kiswahili safi, "Asante. Toka Diwali sijamaliza sentensi." Presha yake tuliipima baada ya kuongea naye muda mrefu, na ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Mbeya, kliniki ya presha na kisukari, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote. Asubuhi za Mbeya ni baridi. Wazee walifika wamejifunga mashuka juu ya makoti, na kazi ya kwanza ilikuwa kuwafungua kama mizigo. Mkuu wetu alikuwa Daktari Bingwa wa magonjwa ya ndani. Yeye ndiye aliyenieleza kwa lugha rahisi kitu ambacho vitabu hukiita msongo wa mawazo. Mtu akikutana na nyoka, alisema, mwili hujiandaa kukimbia: moyo unapiga haraka, mishipa inabana, damu inasukumwa kwa nguvu. Nyoka akienda zake, mwili hutulia. "Lakini mzee mwenye swali lisilo na jibu," akasema, "ana nyoka asiyeondoka. Amekaa kwenye kiti tangu asubuhi, na mwili wake unakimbia."

Aliwafundisha wagonjwa kupumua: vuta hewa kwa pua, itoe taratibu kama mtu anayepoza uji kwenye kikombe. Aliwahimiza kutembea kidogo, kulala saa zilezile, kuendelea na kazi ndogo ya mikono, na kumeza vidonge hata siku wanayojisikia wazima. Kisha aliwageukia ndugu waliowaleta. "Vidonge nimetoa. Nyoka ni wenu."

Nilistaafu nikijua hayo yote, nikajenga Iringa mjini. Mama alikuwa ameshavuka themanini, bado yuko kijijini karibu na Idodi na kaka yangu mkubwa, Lazaro. Kaka Lazaro ni mtu mwangalifu. Vidonge vya mama alivifungia kabatini na kumpa mwenyewe asubuhi, na mimi nilikuwa nakwenda mara kwa mara na mashine yangu ya betri kumpima. Mambo yalikuwa shwari.

Kisha mama mdogo Skola akafa. Aliugua muda mfupi, akafa Igawa. Kaka alinipigia simu nikiwa nafunga begi la kwenda msibani.

"Mama asijue," alisema.

"Kaka, ni mdogo wake."

"Ndiyo maana. Presha ya mama unaijua wewe kuliko mimi. Tumeshakubaliana na shangazi zetu. Tutamwambia tunakwenda harusini Makambako. Ukienda kwake, shika hilohilo."

Kwetu mdogo hapingi neno la mkubwa lililokwisha kupita kwenye kikao. Nilisema sikubali, na neno likabaki lilelile. Tulimzika Skola, tukarudi. Mama aliambiwa simu ya Skola imeharibika, fundi yuko Mbeya.

Nilipokwenda kumpima mara ya kwanza baada ya mazishi, namba ya juu ilikuwa imepanda. Safari iliyofuata ilikuwa imepanda zaidi, imefika mahali ambapo kliniki tungemlaza. Nilimpeleka kituoni, tabibu akaongeza kidonge. Haikushuka. Hofu yangu ilikuwa kiharusi, yaani mshipa wa kichwani kuziba au kupasuka, ugonjwa ambao nimeona ukimchukua mtu kati ya sentensi na sentensi. Kaka naye aliogopa hichohicho, na kwa hofu ileile akazidi kufunga mdomo.

Nikafanya kama Tabibu alivyonifundisha. Niliacha kupima, nikakaa.

Kitu cha kwanza nilikisikia kwa shemeji yangu, mke wa Lazaro. "Mama siku hizi anasahau," alilalamika. "Jana amenipigia simu, mimi niko jikoni, yeye yuko barazani. Nikaitika, 'Abee mama.' Akasema, 'Haya,' akakata."

Binti yangu aliye Mbeya alikuwa ameniambia karibu maneno hayohayo: bibi amepiga, amepokea shikamoo, amesema marahaba, amekata. Niliwapigia ndugu wengine mmoja mmoja. Wote walikuwa wamepigiwa, na wote waliona ni uzee. Lakini mtu anayesahau hupiga kwa mtu mmoja mara tano. Mama alikuwa akipiga kwa kila mtu mara moja, kila asubuhi, baada ya uji. Alikuwa anaita majina, kama mwalimu wa zamu. Alijua yuko aliyekufa. Hakujua ni nani.

Na kwa nini asijue? Watu wazima wametoka nyumbani na kanga zao, wamerudi kutoka "harusini" na hakuna hata mmoja anayesimulia pilau.

Nilimwambia kaka. Tulikuwa nyuma ya nyumba, karibu na zizi.

"Wewe ulikuwa nesi," alisema. "Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Tukimwambia akaanguka, utakuja na hiyo mashine yako kupima maiti?"

"Dawa anameza, kaka. Chumvi kaacha. Kilichobaki ni sisi."

"Ni sisi tunaomlinda."

"Njoo uone unavyomlinda."

Nilimketisha mama barazani, nikamsalimu mpaka salamu ikaisha, nikampima. Namba haikuwa nzuri, lakini si mbaya sana. Nikaacha kitambaa mkononi mwake, nikaendelea kuongea habari za mahindi. Nilikuwa nimemwomba kaka kitu kimoja tu: simu yake ikilia, afanye kama anavyofanya siku zote. Ililia. Kaka akatazama jina, akainuka, akaenda kuongelea nyuma ya nyumba. Mama aliacha kujibu. Shingo yake ilimfuata kaka mpaka alipopotea, na macho yakabaki pale kwenye kona ya ukuta. Nikabonyeza mashine. Kaka aliporudi nilimgeuzia ile namba aisome. Ilikuwa ileile aliyoisoma asubuhi ya safari ya kituoni, ile tuliyoiogopa.

Jioni alinijia. "Nani atamwambia?"

Swali hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Kwetu mtoto hampelekei mzazi habari ya kifo, na habari ya namna hiyo haibebwi na mtu mmoja. Tulimwendea mzee wa usharika, na tulimwendea Mzee Komba, Mngoni aliyehamia kijijini zamani kama bwana shamba na hakuondoka tena. Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zao walipigana, na wajukuu wamebakiwa na matusi tu. Mzee Komba hakuwahi kupita mbele ya baraza ya mama bila kumtukana, na mama hakuwahi kumwacha apite bure. Mtani ndiye mwenye ruhusa msibani: atasema lisilosemeka, atachukua hata kuku, na hakuna wa kumkasirikia.

Tulichagua asubuhi, baada ya uji na vidonge. Nilimpima kwanza, tabibu wa kituo nilikuwa nimemjulisha, na gari la jirani lilikuwa tayari. Shemeji akatandika mkeka, wanawake wawili wa jirani wakaja kukaa karibu na mama kama waliopita tu. Mzee Komba akaingia uani na mzee wa usharika.

Mama alimwona, akatabasamu. "We Mngoni, mapema yote hii? Kuku wangu bado hawajaamka, utaiba nini?"

Mzee Komba alivua kofia. "Leo sijaja kwa kuku, Mama Lazaro."

Tabasamu la mama liliondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa, na yaliyofuata yalikuwa maelezo tu. Mwanamke mmoja wa jirani akamshika mkono.

"Sema," mama akasema. "Wewe huwezi kunificha, hujui adabu."

"Ni mdogo wako, Skola. Aliugua, akafa Igawa. Wamemzika."

Sote tulingoja kilio. Badala yake aliinua uso akamtazama kaka Lazaro. "Na Fadhili?"

Fadhili ni mtoto wa kaka, dereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Hakuna aliyekuwa amemtaja.

"Fadhili mzima, mama," kaka akasema. "Amevuka mpaka wa Kasumbalesa, huko mtandao ni wa shida."

"Simu yake haina mtandao."

"Ndiyo, mama."

"Na ya Skola ilikuwa imeharibika." Alisema taratibu, kama anayepanga kuni. "Fundi yuko Mbeya."

Nilielewa mahali tulipokuwa tumemweka mama. Kila asubuhi alipoita majina, sauti mbili hazikuitika, na kwa zote mbili alipewa sababu ya simu. Moja ilikuwa uongo. Sasa ukweli wa pili ulivaa nguo za uongo wa kwanza, na hakuna kiapo ambacho kingeuvua.

"Alituma ujumbe juzi," shemeji akasema, akimwonyesha simu. "Huu hapa, mama, soma."

"Ujumbe hauna sauti. Hata wewe unaweza kuuandika."

Nilimpima. Ilikuwa juu, bado juu. Nilimwambia apumue kama anayepoza uji, akafanya ili kunifurahisha. Hakulia. Nilitamani alie, maana mtu anayelia anatoa hewa, lakini alikaa wima kwenye mkeka na ile simu yake ndogo ya tochi juu ya paja. Mzee Komba hakuondoka, alikaa chini kando yake. Majirani walianza kuingia kwa ajili ya Skola, na mama alipokea mikono yao kama mtu anayepokea mizigo ya wengine kituoni.

Kaka alihangaika kutwa. Alimpigia mwenye malori, mwenye malori akampigia dereva mwingine aliyekuwa kwenye msafara, dereva yule akasema Fadhili yuko kwenye foleni ya kushusha mzigo, atampelekea simu. Alasiri simu ya kaka ikalia. Safari hii hakwenda nyuma ya nyumba. Alipiga magoti mbele ya mama, akaiweka kwa sauti ya nje.

"Shikamoo bibi."

Mama hakuitikia. "Wewe nani?"

"Fadhili, bibi."

"Ulipoondoka nilikupa nini?"

Kukawa na kicheko upande wa pili, na honi za malori. "Ulinipa karanga za kukaanga. Ukasema nisile huku naendesha, halafu ukanipa na matusi."

"Ulikula ukiendesha?"

"Nilikula bibi, nisamehe."

"Marahaba," mama akasema, na hapo ndipo alipoanza kumlilia mdogo wake. Alilia mpaka wanawake wakaja kumshika mabega, akimwita Skola kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Mzee Komba alimwacha alie kwa muda unaostahili, kisha akasema kwa sauti, "Haya basi, Wahehe. Mnalia vizuri kuliko mnavyopigana." Mama alimrushia upande wa kanga huku analia. Nilimpima jua likizama. Ilikuwa imeshuka, si kwa muujiza, imeshuka kidogo, kama mtu anayeshuka kilima akiangalia anapokanyaga.

Lakini alitudai kitu, na alikidai kesho yake asubuhi. "Hamkunipa udongo wangu." Alimaanisha ule ambao ndugu hurusha kaburini kwa mkono. Kaka aliogopa safari. Safari hii alinitazama mimi kwanza, nikasema tutakwenda baada ya tabibu kumwona, tutasimama Mafinga na Makambako anyooshe miguu, na vidonge vitakuwa mfukoni mwangu.

Tulikwenda. Kaburi la Skola lilikuwa bado halijajengewa, udongo umekauka na kupasuka. Mama aliinama, mimi nikimshika mkono mmoja na kaka mwingine, akachota, akarusha. "Nimechelewa, Skola," alisema. "Wamenichelewesha, lakini nimewasamehe, ni watoto." Kisha akafungua kanga yake akatoa kifurushi cha karanga, akampa binti wa marehemu, kwa sababu hajawahi kufika Igawa mikono mitupu. Tuliporudi nyumbani, Mzee Komba alikuwa amekwisha chukua kuku, yule mkubwa.

Wengine huniuliza, sasa nimestaafu, ni dawa gani nzuri ya kumtuliza mzee mwenye presha. Ninawaambia vidonge ni vilevile vya kliniki, visiachwe. Chumvi ipungue. Apewe kazi ya mikono na aachiwe amri ndogo ndogo za nyumba. Lakini kabla ya hayo naangalia kama watu wananyamaza yeye akiingia. Nimeona familia zinazomficha mzee kuugua kwa mtoto, kuvunjika kwa ndoa, kuuzwa kwa ng'ombe, zote kwa upendo, na wote wanaamini wamefaulu kwa sababu mzee hajauliza. Mzee hajauliza kwa sababu anaogopa jibu, na anaogopa majibu mengi kuliko lile moja lililopo. Habari mbaya ina namna yake ya kufikishwa: asubuhi, amekula, amekaa, ameshikwa mkono, kwa mdomo wa anayestahili. Ifikishwe hivyo, lakini ifike.

Kaka Lazaro siku hizi anaongea na simu barazani, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, ili mama asikie hata bei ya mbolea. Mama bado ana presha, bado anameza vidonge viwili. Zile simu za asubuhi ameziacha, isipokuwa ya Fadhili.

Juzi nilikwenda kumpima. Nilimkuta barazani anapembua maharage. Nikaketi, nikamshika mkono, tukasalimiana: nyumba, mahindi, watoto, mvua ya mjini, goti lake, goti langu. Salamu ilipoisha nikatoa mashine, nikaanza kumfunga kitambaa. Akauvuta mkono.

"Bado. Nani kafa?"

"Hakuna, mama."

Alinitazama usoni, akachukua muda wake, kisha akanyoosha mkono.

"Haya, pima."